Pauni mia mbili mkononi: kisa cha Dada aliyemwajiri mdogo wake kulea watoto

Dada ni chaildmainda Barking, mashariki ya London. Amesajiliwa na Ofsted, wakaguzi wa serikali wa shule na malezi, analea watoto wa watu sebuleni kwake na kwenye kibustani cha nyuma, tangu saa mbili kasorobo asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mdogo wake, wa tumbo moja, anakaa vituo viwili vya basi kutoka hapo. Ana binti wa miaka miwili, ameachana na baba mtoto, na anapokea Universal Credit (UC), msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwao ni Mombasa.

Kisa hiki nimekifuma kutokana na hali zinazonijia mara kwa mara ninapowafanyia hesabu walezi wetu walioko Uingereza. Hakuna mtu mmoja aliyebeba yote haya, na majina hayana haja: nitawaita Dada na Mdogo. Sheria ni za England, na viwango ni vya mwaka wa kodi 2025/26 isipokuwa nikitaja vingine.

Dada alikuwa na watoto watatu wa chini ya miaka mitano, na wawili wa shule wanaokuja jioni. Watatu ndio mwisho wake. Mlezi mmoja anaruhusiwa watoto sita wa chini ya miaka minane, lakini kati yao wale wa chini ya mitano wasizidi watatu, na mchanga wa chini ya mwaka kwa kawaida ni mmoja tu. Kuna nafuu kidogo kwa ndugu wa tumbo moja na kwa watoto wa mlezi mwenyewe, lakini haikumhusu. Wazazi walikuwa wanapiga simu kila wiki kuulizia nafasi, na kila wiki anawajibu hapana.

Akipata msaidizi, msaidizi naye anakuja na hesabu yake. Wawili wanaweza kulea sita wa chini ya mitano kwa pamoja. Tangu Novemba 2024 sheria inaruhusu hata watu wanne kufanya kazi ya ulezi nyumba moja, ikiwa nyumba yenyewe inawatosha. Basi Dada akamtafuta aliye karibu.

Makubaliano yalifanyika kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mdogo: "Dada, mimi makaratasi siyawezi. We nipe mia mbili kwa wiki mkononi, na mtoto nije naye, basi." Dada: "Karibu mdogo wangu. Nyumba ni yako." Jumatatu hadi Alhamisi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Saa ishirini na nne kwa wiki. Kazi ikaanza Septemba 2025.

Kila mmoja aliona anamfaa mwenzake

Hapa ndipo penye uzito wa kisa, kwa hiyo nitapakalia.

Gawa pauni 200 kwa saa 24: unapata pauni 8.33 kwa saa. Kima cha chini kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21. Kwa wiki ni pauni 293.04. Pengo ni pauni 93.04 kila wiki, na likienda mwaka mzima linafika pauni 4,838. Serikali ina uwezo wa kudai pengo hilo kwa miaka sita nyuma na kumtoza mwajiri faini inayofika mara mbili ya deni, mwisho pauni 20,000 kwa kila mfanyakazi.

Mdogo hakulalamika. Aliona anamsaidia dada yake kuanza.

Dada naye alikuwa na hesabu yake kichwani. Anatoza wazazi pauni 7 kwa saa kwa kila mtoto. Binti wa Mdogo anakaa pale saa zote 24, anakula, analala, hatozwi. Hiyo ni pauni 168 kwa wiki. Ukijumlisha na mia mbili taslimu, Dada aliona anatoa pauni 368, zaidi kabisa ya kima cha chini. Nilipomtajia kima cha chini alicheka. "Mimi nampa zaidi ya hiyo, tena mwanawe namlea mimi Mama Mkubwa wake."

Kwa undugu, hesabu ya Dada ni sahihi. Kwa sheria ya mshahara haipo. Kitu pekee ambacho si pesa na kinaweza kuhesabiwa ndani ya kima cha chini ni makazi, na hata hayo kwa kiwango kilichowekwa. Chakula, malezi ya bure, nauli ya kutumia gari la Dada, hivyo vyote ni hisani. Ni vizuri kuvitoa, ila haviingii kwenye mshahara.

Wapo wanaosema ndugu hawahusiki na kima cha chini. Msamaha huo ni mwembamba kuliko wanavyoudhani. Unamhusu mtu wa familia ya mwajiri anayekaa nyumba moja na mwajiri na kushiriki katika biashara ya familia. Mume wa Dada, anayelala chini ya dari hilo hilo na kumsaidia asubuhi, anaweza kuingia humo. Mdogo ana nyumba yake na anakuja kwa basi. Hahusiki.

Sasa geuza upande wa pili. Dada alidhani amefungua nafasi tatu. Kwa kweli alifungua mbili, kwa sababu binti wa Mdogo ni mtoto wa chini ya mitano aliye mikononi mwa walezi hao wawili, na anahesabiwa. Wazazi wawili wapya, saa 24, pauni 7: zinaingia pauni 336 kwa wiki. Ukimlipa Mdogo mia mbili zinabaki 136, na ndiyo maana mpango ulipendeza. Ukimlipa kihalali, pauni 293.04, ukaongeza mchango wa mwajiri kwenye pensheni, pauni 5.19, zinabaki pauni 37.77.

Na wiki si zote. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka; kwa anayefanya kazi siku nne, ni siku 22.4. Tuseme Dada anafunga nafasi hizo Mdogo akiwa likizo na hatozi wazazi. Mapato ni ya wiki 46.4, yaani pauni 15,590. Gharama ya Mdogo ni ya wiki zote 52, pauni 15,508. Faida ya mwaka mzima kwa kuwa na msaidizi: pauni 82. Hapo hujanunua maziwa wala tishu.

Niliposoma tarakimu hiyo Dada alinyamaza, kisha akasema alilolisema kila mlezi niliyewahi kumwonyesha hesabu kama hii: "Basi bora nibaki peke yangu."

Kilichofumua mambo

Mambo hayakufumuliwa na ukaguzi wala na jirani mwenye wivu. Yalifumuliwa na Mdogo mwenyewe, kwa nia njema, alipokwenda kuomba saa za bure za serikali.

Tangu Septemba 2025, mzazi anayefanya kazi England anaweza kupata saa 30 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia mtoto wa miezi tisa mpaka aanze shule. Sharti ni mzazi awe anapata, kwa wastani, angalau sawa na saa 16 za kima cha chini kwa wiki: pauni 195. Mdogo alisikia kwa rafiki yake, akaona mia mbili yake inatosha, akaingia mtandaoni kuomba namba ya kumpa mlezi. Alipanga Dada ndiye azitumie saa hizo, ili walau Mama Mkubwa alipwe na kaunsili, serikali ya mtaa, badala ya kulea bure.

Palikuwa na kuta mbili. Ya kwanza, HMRC, yaani mamlaka ya kodi, ilimuuliza mwajiri wake ni nani, na kwenye rekodi zao Mdogo hakuwa na mwajiri. Wiki nane za mia mbili mkononi hazikuacha alama popote. Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu haitengenezeki kwa karatasi: mlezi hawezi kulipwa saa za serikali kwa kumlea mtoto wa jamaa yake. Babu na bibi, ndugu, mjomba, shangazi, dada wa mama, wote wamo. Angekuwa rafiki wa Dada, ukuta huu wa pili usingekuwepo.

Kwa hiyo binti yule, akiwa kwa Mama Mkubwa wake, alikuwa anakula nafasi ya pauni 168 kwa wiki ambayo hakuna mtu yeyote, mzazi wala serikali, angeweza kuilipia.

"Si mwajiriwa, ni mtu wa kujitegemea"

Hii ndiyo njia ya mkato ambayo Dada aliambiwa na mlezi mwenzake: mwandike Mdogo kama mtu anayejiajiri, atume bili, kila mtu abebe kodi yake. Ingekuwa rahisi kweli. Lakini HMRC haiangalii mlichoandika, inaangalia kazi ilivyo. Mdogo anakuja saa alizopangiwa, kwenye nyumba ya Dada, anawalea watoto wa mikataba ya Dada, kwa utaratibu wa Dada, na hawezi kumtuma shoga yake aje badala yake. Kanuni za ulezi zenyewe zinamtaka mlezi awajibike kwa kazi ya msaidizi wake. Mtu wa namna hiyo ni mwajiriwa, hata akituma bili yenye rangi za dhahabu.

Akishakuwa mwajiriwa, Dada ni mwajiri, na hapo makaratasi ambayo Mdogo hakuyataka yanakuja. Si mengi kama yanavyoogopwa. Anajisajili HMRC kama mwajiri kabla ya siku ya malipo ya kwanza, maana anayelipwa pauni 125 kwa wiki au zaidi lazima aingie kwenye PAYE, utaratibu wa mwajiri kukata kodi kwenye mshahara. Na hata chini ya hapo, kama ana kazi nyingine au pensheni. HMRC wana programu ya bure ya kompyuta kwa wenye wafanyakazi chini ya kumi. Kila siku ya malipo, au kabla yake, taarifa inatumwa. Mkataba wa maandishi unatolewa tangu siku ya kwanza ya kazi, na karatasi ya mshahara kila malipo.

Mchango wa mwajiri kwa National Insurance, bima ya taifa, ndio unaowatisha watu tangu Aprili 2025, ulipopanda hadi asilimia 15 na kuanza kuhesabiwa kwenye kila pauni inayovuka 5,000 kwa mwaka. Kwa Mdogo ungekuwa karibu pauni 29.56 kwa wiki. Lakini ipo nafuu ya waajiri wadogo, Employment Allowance, pauni 10,500 kwa mwaka, inayoufuta wote. Haipatikani kwa anayeajiri yaya wa nyumbani kwake mwenyewe. Msaidizi wa biashara ya ulezi si yaya wa nyumbani. Lazima uidai, tena kila mwaka. Haiji yenyewe.

Pensheni: Mdogo ana zaidi ya miaka 22 na anapata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo anaingizwa. Mfuko wa Nest hauruhusiwi kumkataa mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kuna fomu ya kuthibitisha kwamba umetimiza wajibu, ndani ya miezi mitano tangu mfanyakazi aanze. Hii wengi wanaisahau, kisha wanashangaa kupata faini kwa jambo ambalo wamelifanya tayari.

Na upande wa kodi ya Dada mwenyewe, mshahara wa Mdogo ni gharama halali ya biashara, ikiwa ni wa kazi iliyofanyika, kwa kiwango cha kazi hiyo, na umelipwa kweli. Ukipitia benki umejithibitisha. Dada aliniuliza kama anaweza pia kumwandikia mwanawe wa miaka 16 pauni 50 kwa wiki "kwa kuwachezesha watoto". Nilimkumbusha kesi ya Dollar dhidi ya Lyon, 1981, ya mkulima aliyejaribu kupunguza kodi kwa pesa alizowapa wanawe; mahakama ikaona ni pesa za matumizi za mtoto kutoka kwa mzazi, si mshahara. Kijana yule alikuwa na jambo lake jingine: kwa kuwa ametimiza 16 na anakaa humo, naye anatakiwa afanyiwe cheki ya DBS, ile ya rekodi ya jinai.

Kabla ya pesa, watoto

Ningekuwa natoa alama, hapa ndipo ningewakata nyingi kuliko kwenye mshahara.

Mdogo alianza kazi kabla Ofsted hawajaarifiwa. Msaidizi lazima afanyiwe cheki ya DBS ya juu na Ofsted waridhike anafaa. Mpaka hapo, haruhusiwi kubaki peke yake na watoto, hata kwa muda wa kumimina chai. Na kwa kuwa Mdogo alikuwa ameishi Mombasa ndani ya miaka mitano iliyopita, alihitaji pia cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi wa Kenya. Dada alikuwa anamjua tangu yuko mgongoni kwa mbeleko, ndiyo, lakini mzazi aliyemwachia mwanawe hamjui.

Kisha kuna zile dakika za saa tisa. Siku ambazo wale wawili wakubwa wanakuja, saa tisa na robo Dada anatoka kwenda shule kuwachukua, dakika arubaini kwenda na kurudi. Watatu kati ya wadogo anakwenda nao, watatu wanabaki na Mdogo. Jambo hili linaruhusiwa, kwa masharti: kila mzazi awe ameridhia, hata kama ni kwa dakika chache; msaidizi awe na cheti kamili cha huduma ya kwanza kwa watoto, kile cha mafunzo ya saa 12, kinachorudiwa kila miaka mitatu; na jumla isizidi saa mbili kwa siku. Mdogo hakuwa na cheti. Wazazi walikuwa wanajua "dada yake yupo", hawakuwa wameulizwa.

Na asubuhi. Mama wa mtoto wa nne alikuwa na treni ya kuwahi, akawa anamleta saa nne kasorobo. Mdogo anaingia saa nne, na basi likichelewa, saa nne na dakika kumi. Kwa hiyo karibu kila siku ya kazi palikuwa na robo saa au zaidi ambapo Dada yuko peke yake na wanne wa chini ya mitano. Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu hakuna aliyeliangalia kwa saa ya ukutani. Walikuwa wanasema tu "Mdogo anakuja". Mkaguzi akigonga mlango saa nne kasorobo anaikuta hali ya saa nne kasorobo.

Niongeze moja ambalo halikuwa la Mdogo lakini lingekuwa. Wakati wa mazungumzo haya Dada alisema, kama mbadala, anaweza kumleta Mama kutoka Mombasa kwa visa ya kutembelea, miezi sita, amsaidie. Hapana. Bibi anaweza kuja na kukaa na wajukuu zake kama bibi yeyote. Akishaanza kushika watoto wa wateja anafanya kazi, alipwe asilipwe, na visa ya kutembelea hairuhusu. Faini kwa mwajiri inafika pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja, kwa kosa la kwanza. Hata kwa Mdogo, Dada alitakiwa kuona pasipoti yake au kuhakiki hadhi yake mtandaoni kabla ya siku ya kwanza na kuhifadhi nakala. Alinitazama kama nimemtukana. "Nimwombe mdogo wangu pasipoti?" Ndiyo. Kama ungemwomba mtu baki, na kwa sababu ile ile.

Kwa nini Mdogo aliipenda mia mbili

Nisingependa ionekane Mdogo alikuwa mjinga. Mtazame kwa hesabu yake.

Kihalali, pauni 293.04 kwa wiki, baada ya kodi, National Insurance na sehemu yake ya pensheni, zinambakishia kama pauni 272. Kwa mwezi ni pauni 1,178. Universal Credit inaziona zote, kwa sababu taarifa ya HMRC inakwenda huko moja kwa moja. Kwa mwenye mtoto anayelipiwa sehemu ya kodi ya nyumba, pauni 411 za kwanza haziguswi, kisha kila pauni inapunguza senti 55. Kwa hiyo UC yake inashuka kama pauni 422, na faida yake halisi ya kufanya kazi ni pauni 756 kwa mwezi.

Mkononi, mia mbili kwa wiki ni pauni 867 kwa mwezi, na UC haigusiki.

Zaidi ya pauni mia kwa mwezi kwa kunyamaza. Ni kosa la jinai, ni udanganyifu wa msaada wa serikali, na UC ikigundua inadai kila senti irudi. Lakini anayekuambia watu wanafanya hivi kwa kutojua hesabu hajawahi kukaa nao mezani. Wanaijua hesabu vizuri sana. Wasichokitia ndani ni kitu kimoja, na kwa Mdogo kitu hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote: zile saa 30.

Saa 30 kwa wiki 38 ni saa 1,140 kwa mwaka. Kaunsili nyingi na walezi wengi wanakubali uzitandaze mwaka mzima. Mdogo anahitaji saa 24 kwa wiki. Gawa: wiki 47.5. Wiki anazofanya kazi, ukitoa likizo, ni 46.4. Zinamtosha mwaka mzima na kidogo kinabaki, ukiacha chakula na nepi ambazo mlezi anaweza kuomba zichangiwe. Mshahara ulioandikwa ndio ufunguo wa mlango huo. Mia mbili isiyoandikwa haifungui chochote.

Ila lazima binti aende kwa mlezi mwingine.

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu, na hayakuwa ya pesa tena. Mdogo alilia. Amkabidhi mwanawe kwa wageni na Mama Mkubwa wake analea watoto wa wageni? Mama kule Mombasa atasemaje? Dada ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Aliona kama anamfukuza mtoto wa ndugu yake apishe wenye pesa. Sikuwa na la kusema juu ya hilo. Hesabu haiwezi kumwambia mtu jinsi ya kumweleza mama yake. Nilichoweza ni kuwawekea karatasi mbili mezani. Binti akibaki: Dada anapata pauni 82 kwa mwaka kwa kuwa na msaidizi, yaani hana sababu ya kuwa na msaidizi, na Mdogo hana kazi. Binti akienda kwa mlezi mwingine: nafasi tatu za kulipiwa, pauni 504 kwa wiki, na kwa mwaka, baada ya kumlipa Mdogo kila kitu chake, zinabaki pauni 7,878 kabla ya chakula, vifaa na bima.

Walichukua siku kadhaa. Kisha Mdogo akapata mlezi mtaa wa pili, mama wa Kighana mwenye sungura kwenye bustani, na binti akawapenda sungura kuliko wote. Ijumaa, siku ambayo hakuna kazi ya Mdogo, anashinda kwa Mama Mkubwa kama mpwa, bila karatasi.

Walivyosafisha

Wiki nane za nyuma zilikuwa na deni la pauni 744.32. Dada alililipa kwa benki, mishahara yote ya wiki hizo ikaingizwa kwenye PAYE kwa kuchelewa, na Mdogo akaandika kwenye akaunti yake ya UC tarehe aliyoanza kazi na alicholipwa. UC yake ilirekebishwa na anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Mdogo akasimamishwa kazi ya watoto mpaka DBS itoke na cheti cha Kenya kifike. Muda huo akaufanyia mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo Dada aliyalipia na kuyaandika kama gharama ya biashara. Saa ya kuanza ikasogezwa hadi saa tatu na nusu, na ya kumaliza ikarudi saa tisa na nusu kwa siku mbili ambazo wale wa shule hawaji. Siku nyingine mbili inabaki saa kumi, na Jumatano anaingia saa nne na nusu, siku ambayo mama wa treni anafanya kazi nyumbani. Jumla bado ni 24.

Kuhusu bima ya mwajiri, biashara isiyo kampuni ambayo wafanyakazi wote ni ndugu wa karibu imesamehewa kuwa nayo, na dada wa tumbo moja yumo. Nilimshauri aichukue hivyo hivyo. Mwezi atakaomwongeza rafiki mmoja tu, msamaha unakwisha, na faini ya kukosa bima inafika pauni 2,500 kwa siku. Aliichukua.

Mvutano mmoja bado upo. Mdogo alipougua siku mbili, Dada alitaka kumkata, Mdogo akasema ndugu hakatwi. Wakaufungua mkataba, wakakuta mimi sikukiandika vizuri wala vibaya kifungu hicho. Kilisema tu "kwa mujibu wa sheria". Kwa sheria ya wakati ule siku tatu za kwanza za ugonjwa hazikulipwa. Dada akamlipa mojawapo kutoka mfukoni kwake na kuiandika zawadi. Aprili 2026 siku hizo za kusubiri zilifutwa, na wameandika kifungu upya.

Mwezi huo huo kima cha chini kilipanda hadi pauni 12.71, na wiki ya Mdogo ikawa pauni 305.04. Dada akapandisha ada kwa wazazi. Barua ya kuwaarifu aliiandika Mdogo, maana yeye ndiye mwenye Kiingereza kilichonyooka.